Mnara wa Bagamoyo

1. Mto na mnara

Mto Lualaba unapita karibu na Kolwezi. Watoto wa Mutoshi wanaujua vema. Maji yake yanajaza ziwa la Nzilo, na nguvu za maji hayo zinatoa umeme. Kutoka Nzilo mto unashuka kuelekea kaskazini. Unapita Bukama, Kongolo na Kindu. Baada ya Kisangani unaitwa mto Kongo, na mwisho wake ni bahari iliyo upande wa magharibi.

Leo mwanafunzi anaweza kuufuata mto huo kwa kidole chake juu ya ramani. Miaka mia na hamsini iliyopita haikuwa hivyo. Watu wa kila kijiji walijua kipande chao cha mto, lakini hakuna ramani iliyoonyesha njia yake yote tangu chemchemi mpaka bahari. David Livingstone, mtu wa Uskoti, alitumia miaka yake ya mwisho kutafuta habari hiyo. Alikufa kabla ya kuipata.

Mbali sana na Lualaba, katika mji wa Bagamoyo kwenye pwani ya Tanzania, unasimama mnara wa kanisa la zamani. Kanisa lenyewe halipo tena, mnara umebaki. Watu wanauita Mnara wa Livingstone. Lakini Livingstone hakuujenga mnara huo, wala hakuuona kwa macho yake. Alifika pale akiwa maiti, juu ya mabega ya watu. Basi, mnara una jina la mtu mmoja, nao unatunza habari za wengi.

2. Mji wa mwisho wa njia

Bagamoyo ni mji wa kando ya bahari, nao unatazamana na kisiwa cha Unguja. Zamani ulikuwa mwisho wa njia kubwa ya biashara. Njia hiyo ilitoka Ujiji, kando ya ziwa Tanganyika, ikapita Tabora, ikafika Bagamoyo. Hakukuwa na reli wala motokari. Kila kitu kilibebwa na watu, kichwani au begani, kwa muda wa miezi mingi.

Kutoka pwani wafanyabiashara walipeleka bara nguo, shanga, bunduki na baruti. Kutoka bara walileta pembe za tembo. Tena walileta watu waliotekwa vitani au kuibwa vijijini, waliofungwa minyororo ili wauzwe.

Njia hiyo iligusa hata Katanga. Mfalme Msiri wa Bunkeya alikuwa mtu wa Unyamwezi, nchi ya Tabora. Alikuja Katanga kwa sababu ya biashara, akakaa, akawa mkubwa wa nchi. Pembe na shaba ya Katanga vilipelekwa mashariki kwa misafara. Kwa njia hiyohiyo Kiswahili kilianza kufika Katanga, kabla ya reli na kabla ya mitambo ya shaba.

Juu ya jina la Bagamoyo watu husema mambo mawili. Wengine husema kwamba mpagazi aliyefika pale alibwaga moyo, maana yake alitua mzigo akapumzika, kwa kuwa safari imekwisha. Wengine husema kwamba mtumwa aliyeiona bahari aliuacha moyo wake pale, maana alijua hatarudi kwao tena. Neno ni moja, lakini kwa mmoja lilikuwa furaha, kwa mwingine lilikuwa kilio.

3. Misioni na kanisa

Katika mwaka 1868 Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliotoka Ufaransa, walivuka kutoka Unguja wakajenga misioni Bagamoyo. Mkubwa wao alikuwa Padri Antoine Horner. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuwakomboa watumwa, hasa watoto. Walitoa fedha, wakawachukua watu na kuwaacha huru.

Lakini mtoto aliyekombolewa angekwenda wapi? Kwa wengi, kwao kulikuwa mbali mno. Wengine walikamatwa wakiwa wadogo hata hawakujua njia ya kurudi. Kwa hiyo mapadri waliwakalisha misioni. Watoto walifundishwa dini na kusoma, tena useremala, uhunzi na kilimo. Walipokua wakaoana, walipewa nyumba na shamba katika kijiji cha watu huru kilichojengwa karibu na misioni.

Waliokombolewa walikuwa wachache kuliko wale waliopita na minyororo shingoni. Fedha za misioni hazikuweza kuwatosha wote. Hata hivyo, kwa kila aliyefunguliwa, siku ile ilikuwa siku ya kuzaliwa mara ya pili.

Mwezi wa Aprili mwaka 1872 tufani kali ilipiga Unguja na Bagamoyo. Ilivunja nyumba, ikang'oa miti, ikaharibu misioni. Watu wa misioni hawakuondoka. Walianza kujenga tena. Wakati huo ndipo lilipojengwa kanisa la mawe lenye mnara. Katika kazi za ujenzi za misioni mafreri na vijana waliokombolewa walishika mwiko na nyundo pamoja.

4. Mtu aliyetafuta chemchemi

David Livingstone alizaliwa Uskoti mwaka 1813. Wazazi wake walikuwa maskini. Alipokuwa na miaka kumi alianza kazi katika kiwanda cha nyuzi za pamba. Aliweka kitabu chake juu ya mashine ili asome maneno machache kila alipopita. Baadaye akawa daktari na mhubiri wa Kiprotestanti, akaja Afrika.

Mwaka 1866 alianza safari yake ya mwisho. Alitaka kujua chemchemi za mto Nili. Mwaka 1871 alifika Nyangwe, akauona mto Lualaba, mpana na wenye nguvu. Akafikiri: "Labda huu ndio Nili." Aliomba mitumbwi ili aufuate mto, lakini hakupata.

Pale Nyangwe aliona jambo la kutisha. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wa wafanyabiashara walipiga bunduki katikati ya soko. Wanawake waliokuja kuuza vitu vyao walikimbilia mtoni. Wengi waliuawa kwa risasi, wengi wakazama. Livingstone aliandika habari hizo, na watu wa Ulaya waliposoma walikasirika sana. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja, akisukumwa na Waingereza, alifunga soko la watumwa la Unguja.

Mwezi wa Agosti mwaka 1872 Livingstone aliondoka karibu na Tabora kwa mara ya mwisho. Alikusudia kuzunguka ziwa Bangweulu, kisha kwenda magharibi mpaka chemchemi za Lualaba na machimbo ya shaba ya Katanga. Kama angefika, angekanyaga nchi ambayo watoto wa Kolwezi wanaijua. Lakini hakufika. Mvua zilikuwa kubwa, na nchi ilijaa maji. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa sana, akitokwa damu, hata asiweze kutembea. Watu wake walimbeba kwa machela.

Walifika kijiji cha Chifu Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, si mbali sana na mpaka wa Katanga. Wakamjengea kibanda. Alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873 walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, uso mikononi. Alikuwa amekufa.

5. Shauri la wapagazi

Hapo watu wake walikuwa na shauri gumu. Wakubwa wao walikuwa Susi na Chuma. Susi alitoka Shupanga, kando ya mto Zambezi. Chuma alikuwa Myao. Alikuwa kijana tu alipofunguliwa kutoka mikononi mwa wauza watumwa, mwaka 1861. Pamoja nao alikuwapo Jacob Wainwright, naye Myao aliyekombolewa na kusomeshwa India. Wanawake pia walikuwamo katika msafara, kama Halima, mpishi wa Livingstone.

Ilikuwa rahisi kumzika pale pale na kwenda zao. Chifu Chitambo mwenyewe aliwashauri hivyo. Pwani ilikuwa mbali zaidi ya kilometa 1,600. Na watu wa nchi nyingi waliogopa maiti ipite katika vijiji vyao. Lakini wapagazi walipatana neno moja: watamrudisha kwa watu wake.

Farijala, ambaye zamani alimtumikia daktari kule Unguja, alipasua mwili akatoa moyo na matumbo. Waliyazika chini ya mti mkubwa uitwao mupundu. Jacob Wainwright akasoma sala za maziko, kisha akachonga jina na tarehe katika shina la mti. Chitambo na watu wake walikuja kuomboleza kwa ngoma.

Mwili ulitiwa chumvi, ukaanikwa juani siku kumi na nne. Baadaye ukafungwa kwa nguo, ukawekwa ndani ya gome la mti, ukashonewa turubai na kupakwa lami. Wakaufunga kwenye mti mrefu ili watu wawili waubebe. Ndipo safari ikaanza.

Walivuka mto Luapula. Njiani wengi waliugua, na wengine wakafa. Walizunguka ncha ya kusini ya ziwa Tanganyika, wakafika karibu na Tabora mwezi wa Oktoba. Pale walikutana na mkubwa mmoja Mwingereza, Cameron, aliyekuwa akimtafuta Livingstone. Aliwaambia kwamba hatari iko mbele, tena ni nyingi. Afadhali wamzike pale Tabora. Wapagazi walikataa. Cameron hakuwazuia.

Walipoendelea kidogo, watu wa kijiji cha Kasekera walikataa maiti isipite. Basi wapagazi walifanya werevu. Walifunga mabua katika nguo, yakafanana na maiti. Watu wachache wakauchukua mzigo huo, wakirudi kuelekea Tabora kana kwamba wanakwenda kuzika. Walipoingia porini wakaufungua, wakatupa mabua huku na huku, wakarudi usiku mmoja mmoja. Wakati huo wenzao walikuwa wameufunga mwili wenyewe kama robota la nguo za biashara. Msafara ukapita kama misafara mingine yote.

Walitembea miezi tisa. Mwezi wa Februari mwaka 1874 waliona bahari.

6. Mlangoni pa kanisa

Tarehe 24 Februari 1874 mwili wa Livingstone ulipokelewa katika misioni ya Bagamoyo. Yeye alikuwa Mprotestanti, na wenyeji wale walikuwa Wakatoliki. Jambo hilo halikufunga mlango. Mapadri waliupokea kwa heshima, ukalazwa kanisani, chini ya mnara. Watu wa misioni, wengi wao wakiwa wamekombolewa utumwani, walikuwa pale. Waliofika na mzigo na waliowapokea walijua kitu kimoja: njia ile waliyoitembea wote, na minyororo iliyopita humo.

Baadaye meli ya Kiingereza iliuchukua mwili mpaka Unguja, kisha Ulaya. Huko London madaktari waliutambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba mwaka 1844. Tarehe 18 Aprili 1874 ulizikwa katika kanisa kuu la Westminster. Jacob Wainwright alikuwa miongoni mwa waliosindikiza jeneza. Susi na Chuma hawakuwapo siku ile. Walipelekwa Uingereza baadaye, wakasaidia kueleza maandiko ya Livingstone ili yatengenezwe kitabu. Huko Uingereza medali za fedha 60 zilitengenezwa kwa ajili ya wapagazi. Lakini wengi wao walikuwa wamekwisha lipwa na kutawanyika, hata hawakuzipata.

Katika mji huohuo wa Bagamoyo, kwenye kanisa dogo la Waanglikana, kuna mlango wenye maandishi ya Kiingereza. Maandishi hayo yanasema kwamba Daktari David Livingstone alipita katika mlango huo. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini mwenye kusoma akumbuke: hakupita kwa miguu yake. Alipita kwa miguu ya wengine, na majina yao hayakuandikwa hapo.

7. Kwa nini kipande kimoja hubaki

Kati ya mwaka 1910 na 1914 misioni ya Bagamoyo ilijenga kanisa jipya, kubwa kuliko la kwanza. Kanisa la zamani likaondoka, mnara wake ukabaki. Mahali pengi duniani imekuwa hivyo.

Katika mji wa King's Lynn, huko Uingereza, zamani walikaa Wafransisko. Hao ni wa shirika lile lile lililofanya kazi ya misioni Kolwezi katika karne ya ishirini. Mwaka 1538, siku za mfalme Henry wa Nane, nyumba yao ilifungwa na kuvunjwa. Lakini mnara wa kanisa lao haukuvunjwa. Mabaharia walikuwa wakiutazama kutoka baharini ili wajue njia ya bandari. Katika mji ule limebaki pia lango la watawa wengine, Wakarmeli. Ukuta wao hauko, nyumba zao haziko. Lango linasimama peke yake, watu wanapita.

Jengo halibaki kwa sababu ya mawe tu. Hubaki kwa sababu kuna watu ambao bado wanalihitaji. Mabaharia wa King's Lynn walihitaji alama ya njia. Watu wa Bagamoyo wana mnara unaowakumbusha mambo mawili yasiyofaa kusahauliwa: kwamba watu waliuzwa, na kwamba watu maskini walitimiza neno lao ingawa hakuna aliyewalazimisha.

Chuma alikufa Unguja mwaka 1882, na Susi mwaka 1891. Habari ya Lualaba nayo ilipata jibu. Katika miaka 1876 na 1877 Stanley aliufuata mto kutoka Nyangwe mpaka karibu na bahari, na watu wengi wa msafara wake walikuwa Waswahili wa Unguja. Lualaba haukuwa Nili. Ulikuwa Kongo, mto uleule unaoanzia katika nyanda za juu za Katanga na kupita karibu na Kolwezi.

Na mnara wa Bagamoyo bado unasimama. Anayeutazama asome jina la Livingstone, kisha aongeze moyoni majina mengine: Susi, Chuma, Jacob, Farijala, Halima, na wale wote ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Maana ya maneno

Mpagazi: mtu wa kubeba mizigo safarini kwa malipo.
Msafara: watu wengi wanaosafiri pamoja na mizigo yao.
Kukomboa: kutoa mali ili mtu aliyefungwa awe huru.
Machela: kitanda cha kumbebea mgonjwa, huchukuliwa na watu wawili au zaidi.
Tufani: dhoruba kali ya upepo na mvua.
Gome: ganda la nje la mti.
Robota: mzigo mkubwa wa nguo uliofungwa.

Maswali

1. Mto Lualaba unaitwaje baada ya Kisangani? Livingstone alifikiri ni mto gani?
2. Watu hulieleza jina la Bagamoyo kwa namna gani mbili?
3. Kwa nini watoto wengi waliokombolewa hawakurudi kwao?
4. Ni kitu gani kilichozikwa chini ya mti wa mupundu?
5. Eleza werevu uliofanywa na wapagazi huko Kasekera.
6. Kwa nini mnara wa King's Lynn haukuvunjwa?
7. Maandishi ya mlango wa Bagamoyo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Eleza.
8. Kazi ya nyumbani: Uliza mzee mmoja wa mtaa wako akuonyeshe jengo, mti au jiwe la zamani lililobaki. Uliza ni nani waliofanya kazi pale. Andika majina yao katika daftari.